Nzi wa Maua Yaliyooza: Je, Ni Adui Yetu?

Muhula uliopita palizuka ubishi mkubwa kati yetu wanafunzi juu ya mti mmoja. Mti wenyewe ni kifabakazi, ule wenye maua makubwa mekundu kama makaa ya moto, nao umesimama karibu na jiko la shule. Kila unapochanua, maua yake huanguka kwa mamia, yakalowa mvua, yakaoza, na juu yake likaonekana wingu la nzi wadogo sana. Wengine walisema mti ukatwe. Wengine walitaka dawa ya wadudu inyunyizwe chini yake kila Jumamosi. Kiranja mmoja alisema mbele ya watu wote kwamba maua yakioza huzaa nzi, na nzi huleta maradhi, basi mwenye kuutetea mti huo anayatetea maradhi.

Mimi niliutetea mti, lakini nilishindwa vibaya. Nilisema tu kwamba ni mzuri na kwamba hutupa kivuli. Wenzangu walicheka, kwa sababu uzuri na kivuli si hoja mbele ya mtu anayetaja maradhi. Tangu siku ile nimesoma kidogo na kutazama sana, na leo naomba nafasi katika ukurasa huu wa Kiswahili niseme yale ambayo sikuweza kuyasema wakati ule. Nitasema pia habari za nyumbani kwetu Mbale, kwa maana huko nzi hawa hawa waliguswa na jambo kubwa kuliko kivuli. Waliguswa na karo yangu.

Kwanza yafaa tukubaliane tunasema juu ya nzi gani. Neno "nzi" twalitumia kwa viumbe wengi ambao hawafanani kwa tabia. Yuko nzi wa nyumbani, ambaye hutoka chooni akaja kutua juu ya posho yetu. Huyo kwa kweli hubeba vidudu vya kuhara, wala simtetei hata kidogo. Yuko tena nzi wa maembe, ambaye ukubwa wake hukaribia ule wa nzi wa nyumbani, mwenye mistari ya manjano mgongoni. Huyo hutoboa ngozi ya embe zima lililo bado mtini akaweka mayai ndani. Na wa tatu ni huyu mdogo wetu, mwenye urefu wa milimita mbili au tatu tu, macho yake mara nyingi mekundu, ambaye humwona juu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi, juu ya kikombe cha juisi kilichosahauliwa, na juu ya maua yaliyoanguka. Wataalamu humwita drosofila. Watu wengi huwachanganya hawa wawili wa mwisho kwa kuwaita wote "nzi wa matunda", na kosa hili la jina huleta makosa mengine mengi. Mtu amkasirikiaye nzi wa maembe humwua drosofila, naye nzi wa maembe hubaki juu mtini akicheka.

Sasa tuje kwenye neno la kiranja kwamba maua yakioza huzaa nzi. Neno hili si geni. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya nao waliamini kwamba nyama ikioza huzaa funza yenyewe, bila baba wala mama. Mwaka 1668 mganga mmoja wa Italia, jina lake Francesco Redi, alieleza jinsi alivyoweka nyama katika vyombo, vingine akaviacha wazi, vingine akavifunika. Vile vilivyo wazi vikajaa funza; vile vilivyofunikwa nyama ikaoza tu, lakini funza hawakuonekana ndani. Basi ikajulikana kwamba funza ni watoto wa nzi waliotua pale wakataga mayai.

Nikaona kwamba jaribio hili halihitaji maabara. Nilichukua chupa tatu za jamu. Katika ya kwanza niliweka maua ya kifabakazi yaliyookotwa chini ya mti, nikafunga mdomo wake kwa kitambaa chepesi. Katika ya pili niliweka machipukizi ambayo hayajafunguka, yale ambayo watoto huyabinya ili maji yaruke, nikalifunga papo hapo. Katika ya tatu niliweka machipukizi kama hayo, lakini nikaiacha chupa wazi chini ya mti kwa siku tatu, ndipo nikaifunga. Chupa zote tatu zilinuka, na wenzangu wa bwenini walinilalamikia si kidogo. Lakini zilipotimia wiki mbili, chupa ya kwanza na ya tatu zilikuwa na nzi wadogo wakirukaruka ndani ya kitambaa, na ya pili ilikuwa na uozo mtupu. Maua hayakuzaa kitu. Yalikuwa chakula tu, na mama alikuja kutoka nje.

Mtu aweza kuuliza: chakula gani kilichomo katika ua lililooza? Jibu ni kwamba funza hawa hawali ua peke yake. Ua likianguka, utamu wake huanza kuchachuka. Hamira ndogo sana, za jamii ile ile ya hamira ya mkate, huongezeka ndani yake pamoja na bakteria, na funza hula mchanganyiko huo. Mahali penye joto la nyuzi 25 hivi, yai la drosofila wa kawaida huanguliwa kwa siku moja, funza hula kwa siku nne au tano, kisha hujifunga katika kifuko kigumu cha rangi ya kahawia, na kwa jumla ya siku kumi hivi nzi mzima hutoka. Ni mwendo wa haraka, na hauna budi kuwa wa haraka, kwa sababu ua lililoanguka halidumu. Likikaushwa na jua kabla funza hajamaliza kula, yeye hufa.

Hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba mdudu huyu si mpumbavu. Wako drosofila wengine duniani ambao wameacha matunda kabisa, wakachagua maua kuwa nyumba yao. Mwaka 1966 Danko Brncic wa Chile aliandika juu ya nzi mmoja wa Amerika ya Kusini aishiye ndani ya maua ya mmea uitwao Cestrum. Nzi huyo kwa kawaida hutaga yai moja tu katika ua moja, kwa kuwa ua ni dogo na chakula chake chamtosha mtoto mmoja. Mwaka ule ule Sarah Pipkin na wenzake walieleza habari za nzi wa maua wa Panama na Kolombia, ambao kila aina ilikuwa na mimea yake iliyoichagua. Katika Asia wako ndugu zao wanaotaga ndani ya maua ya mimea ya jamii ya majimbi. Nzi hao hubeba chavua ya mmea, na mmea huwalipa kwa kuwapa watoto wao sehemu za ua zinazooza. Na sisi Afrika Mashariki hatukuwa nyuma: mwaka 1971 J. H. Buruga na R. J. Olembo walichapisha katika jarida la Biotropica utafiti juu ya vyakula vya mimea vinavyopendwa na nzi wa jamii hii waishio pamoja katika nchi za joto za Afrika. Kwa hiyo nzi tunaotaka kuwanyunyizia dawa kila Jumamosi ni wale wale ambao wataalamu waliona wanastahili kusomwa.

Tena yafaa tukumbuke deni letu kwa drosofila. Mwaka 1910, katika Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, Thomas Hunt Morgan aliona katika chupa zake dume mmoja mwenye macho meupe badala ya mekundu. Kutokana na nzi huyo na wajukuu zake alionyesha jinsi tabia za wazazi zinavyobebwa na kromosomu hadi kwa watoto, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1933. Mwaka 2017 wataalamu watatu wa Marekani walipewa tuzo hiyo hiyo kwa kueleza saa iliyo ndani ya mwili, ile itufanyayo tulale na kuamka, na kazi yao waliifanya kwa nzi huyo huyo. Kila mwanafunzi wa Biolojia atakayejibu swali la urithi katika mtihani wake anatembea katika njia iliyofunguliwa na nzi. Naye si mgeni wa Marekani. Asili yake ni Afrika. Mwaka 2018 wataalamu walieleza kwamba walimkuta porini katika vilima vya Matobo, Zimbabwe, akiishi kwa matunda ya mng'ongo. Tumemsoma mtoto wetu katika vitabu vya wengine, kisha twamkuta jikoni tusimjue.

Lakini haki yataka niseme na upande wa pili, kwa sababu mtu anayeutaja uzuri wa kitu tu si shahidi mwema. Hapa ndipo nitakapowapeleka Mbale.

Nasoma Jinja, lakini kwetu ni Mbale, chini ya mlima Wanale. Baba yangu alikuwa na shamba la migomba, na sehemu kubwa ilikuwa ya kayinja, ile aina ambayo watu hukamua maji yake wakapata juisi na pombe. Kayinja haitaki kazi nyingi, na kwa miaka mingi mikungu yake ndiyo iliyolipa karo ya watoto wa nyumba yetu, mmoja baada ya mwingine. Nilipokuwa katika darasa la saba, baba aliona kwamba ua dume la mgomba mmoja, lile lininginialo mwishoni mwa mkungu na ambalo kwa Luganda huitwa empumumpu, limesinyaa na kukauka. Kisha ndizi zikaanza kuiva kabla ya wakati, moja huku na moja kule. Alipokata shina, ukatoka utomvu wa manjano kama usaha. Huo ulikuwa mnyauko wa migomba, ambao wakulima wengi huuita kiwotoka.

Ugonjwa huu ulielezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968. Uganda ulionekana mwaka 2001, katika Mukono, kisha ukaenea katika wilaya nyingi zinazolima ndizi. Huletwa na bakteria, na hauna dawa: mgomba ukiisha kushikwa, umekwenda. Bakteria hao huingia kwa njia tatu kubwa. Ya kwanza ni panga au kisu kilichokata mgomba mgonjwa kisha kikakata mzima. Ya pili ni chipukizi lililotolewa katika shamba lenye ugonjwa. Na ya tatu ni wadudu. Ua dume la mgomba huangusha vifuniko vyake vyekundu kimoja kimoja, na kila kianguapo huacha kidonda kibichi chenye unyevu. Wadudu hutua pale kunywa utamu, na kama walitoka kwenye mgomba mgonjwa huacha bakteria katika kidonda. Watafiti waliowachunguza wadudu wa maua ya migomba hapa Uganda waliwakuta bakteria hao juu ya nyuki, juu ya nyuki wadogo wasiouma, na juu ya nzi wa jamii ya drosofila. Ndiyo, huyu huyu ninayemtetea. Sikumficha.

Nyumbani, jirani mmoja alipomwambia baba kwamba ni nzi walioleta balaa, baba alimwamini. Walikwenda wakanunua dawa, wakanyunyiza maua yote ya shamba, na vifuniko vyote vilivyooza chini wakavikusanya na kuvichoma moto. Kwa siku chache hatukuona nzi wala nyuki. Lakini baba, kwa panga lile lile, aliendelea kukata migomba iliyougua na kupogoa ile mizima, bila kulipitisha motoni wala kulisafisha kwa jik. Dawa ilikwisha, nzi wakarudi, na migomba ikazidi kufa. Alikuwa amepigana na nzi kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akaubeba ugonjwa toka shina hata shina. Simlaumu mzazi wangu, kwa sababu hakuna mtu aliyekuja kumwambia. Lakini mwaka ule nilichelewa kuingia Senior One kwa muhula mzima, na dada yangu hakuingia kabisa.

Je, ilipasa tufanye nini? Jambo lenyewe ni rahisi hata laudhi. Chana cha mwisho kikiisha kutokea katika mkungu, chukua kijiti kirefu chenye panda, lishike ua dume kwa panda hiyo, lizungushe na kulivunja. Usitumie panga, kwa maana panga laweza kubeba ugonjwa. Ua likiisha kuondoka mapema, wadudu hawana utamu wa kuwaita wala vidonda vipya vya kutua. Nzi watabaki shambani, nyuki watabaki shambani, lakini mlango umefungwa. Wataalamu wa kilimo wa nchi hii wamefundisha njia hii kwa miaka mingi, na mahali ilipofuatwa pamoja na kusafisha vyombo ilisaidia sana. Haina gharama. Yataka kijiti tu, na mtu anayejua wakati wake.

Basi hii ndiyo hoja yangu yote, ile niliyokosa siku ya ubishi: adui hajulikani kwa kuonekana mahali pa msiba. Nzi alikuwapo, ni kweli. Lakini kumwua nzi hakukuokoa hata mgomba mmoja, hali kuvunja ua kwa kijiti kungeokoa mingi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliuacha ufa tukakimbizana na upepo uliopita ndani yake.

Tazama tena jambo la maembe, ambalo lawahusu wenzetu wa Busoga na Teso. Mwaka 2003 nzi mgeni kutoka Asia alionekana Kenya, na mwaka 2004 alikuwa amekwisha kufika Uganda. Huyu ni wa kabila lile kubwa la nzi wa maembe, si drosofila. Hasara yake ni kubwa: Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya tangu mwaka 2014 mpaka 2021 kwa sababu ya nzi wa namna hii. Hapa pia watu wengi huona drosofila wakizunguka embe lililopasuka chini ya mti, wakasema, "Huyu ndiye mwizi." Kumbe mwizi alikuja zamani embe likiwa mtini, akataga, akaondoka. Drosofila alifika baadaye, embe likiisha kuoza, kama watu wafikao matangani. Dawa ya jambo hili si kuwapiga waliokuja matangani. Ni kuyaokota maembe yaliyoanguka kila siku na kuyafukia shimo la nusu mita au zaidi, au kuyatia katika mfuko mweusi wa plastiki uliofungwa na kuuacha juani, ili funza wasiingie udongoni kugeuka nzi wapya. Wataalamu wa icipe, chuo cha wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, hufundisha njia nyingine nzuri zaidi: maembe mabovu hutiwa katika hema dogo lenye dirisha la wavu. Matundu ya wavu ni madogo kiasi kwamba nzi hawezi kutoka, lakini nyigu wadogo sana wanaoua funza wa nzi hutoka na kurudi shambani kuendelea na kazi yao. Mtu aliyebuni hema lile alijua kwanza nani ni nani. Asingejua, angewafungia wote au kuwaua wote.

Siwezi pia kuficha kwamba katika ukoo wa drosofila wamo wakorofi. Yuko mmoja wa Asia ambaye jike lake lina kifaa cha kutagia kama msumeno, naye huweza kukata ngozi ya tunda zima laini. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2021 ilieleza kwamba ameonekana Kenya. Lakini hata habari hii yathibitisha neno langu. Nani atakayemtambua siku akifika Mbale, ikiwa sisi nzi wote wadogo twawaita uchafu?

Kuna mtu atakayesema: "Maneno haya ni mazuri, lakini shule lazima iwe safi." Nakubali. Mimi ni mtoto wa Mbale, na wazee wetu mpaka leo hujivuna kwamba katika miaka ya 1960 mji wao ulisifiwa kuwa safi kuliko miji yote ya Afrika Mashariki. Sisemi maua yaoze mlangoni mwa jiko. Nasema kwamba ua lililoanguka si taka kama karatasi ya plastiki. Likifagiliwa na kutiwa katika shimo la mboji mbali na jiko, likafunikwa kwa majani na udongo, litakuwa mbolea ya bustani yetu. Jinja na Mbale zote mbili zilikuwa miongoni mwa miji iliyojengewa vituo vya kugeuza taka kuwa mbolea chini ya mpango wa NEMA, kwa sababu taka nyingi za miji yetu ni maganda ya ndizi, majani, na mabaki ya vyakula. Ikiwa mji mzima waweza kufikiri hivyo, shule yashindwaje?

Na wenye kusema kwamba vitu viozavyo havina faida yoyote waende ng'ambo ya Nile, Buikwe, wawatazame wakulima wa kakao. Ua la kakao ni dogo sana, na nyuki wa kawaida hawalifai. Chavua yake hubebwa na visubi wadogo mno, nao huzaliwa katika mashina ya migomba yaliyooza na maganda ya kakao yaliyotupwa shambani. Mkulima anayefagia shamba lake mpaka liwe kama uwanja wa mpira huwafukuza watumishi wake mwenyewe, kisha hushangaa mti umechanua lakini hauzai.

Kwa hiyo natoa maombi manne kwa wenzangu na kwa wakubwa wetu.

La kwanza, kifabakazi kisikatwe, wala dawa isinyunyizwe chini yake. Maua yake yafagiliwe kila asubuhi yapelekwe shimoni. Kazi hii ni ya dakika kumi kwa watu wanne, nami najitolea kuwa mmoja wao.

La pili, chakula cha jikoni kifunikwe na choo kisafishwe. Wanafunzi waliougua tumbo muhula uliopita hawakuugua kwa sababu ya maua. Tukiuona mti kuwa mkosaji, tutasahau vifuniko vya sufuria.

La tatu, kila mwanafunzi ambaye kwao kuna migomba, awe wa Jinja, Mbale, Sironko au Iganga, siku ya likizo atembee shambani na kijiti chenye panda mkononi. Awaonyeshe wazee wake kwa heshima, asiwafokee. Mwambie baba, "Naomba nikusaidie kuvunja maua haya." Mzazi hukataa kufundishwa, lakini hakatai kusaidiwa.

La nne, somo la Biolojia lisiishie ubaoni. Chupa ya jamu, kipande cha kitambaa, na ua lililooza vyatosha kwa kuanzia. Tuandike siku tuliyoweka ua, siku tuliyoona funza, siku nzi walipotoka. Tuweke chupa moja ya kifabakazi, moja ya ua la mgomba, moja ya embe, tulinganishe nani katoka wapi. Kazi hii haihitaji fedha, na wengi wetu tunaweza kuianza Jumamosi ijayo, ile ile iliyopangwa kuwa siku ya kunyunyiza dawa.

Shamba letu la kayinja sasa limepandwa mahindi na maharage. Baba aliung'oa mgomba wa mwisho mwaka juzi, na nyuma ya nyumba amebakiza migomba michache tu ya matoke. Likizo iliyopita nilikwenda nayo mmoja mmoja, nikiyavunja maua yake kwa kijiti. Nzi wadogo walikuwa wakiruka juu ya vifuniko vilivyoanguka zamani, baba akaniuliza kwa nini siwaui. Nikamwambia hawa hawana neno nasi tena, kwa maana mlango umefungwa. Alisimama kimya kitambo, kisha akakichukua kijiti mkononi mwangu, akauendea mgomba uliofuata.

Mwanafunzi wa Senior Three